Kikokotoo kilipunguzwa kuuokoa mfuko au kulipia deni la serikali?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari. Niliajiriwa Julai 2007 nikaingizwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania, na nitastaafu kwa lazima mwishoni mwa Juni 2037. Tulipoajiriwa tuliambiwa mstaafu anapewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Baadaye tukasikia asilimia 25, ikasitishwa, ikaja 33, sasa ni 40. Naomba nieleweshwe kwa hesabu: nimepoteza nini hasa? Kikokotoo kilipunguzwa ili mfuko usife, au ili sisi tulipie deni la serikali? Na je, nikifika 2037 mfuko utakuwapo?"

Mwalimu, nitaanza na hesabu, kwa sababu mjadala wa kikokotoo umeendeshwa kwa miaka mingi kwa kutazama asilimia ya mkupuo peke yake, ilhali kwa mwanachama wa zamani wa PSPF au LAPF, mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa, asilimia hiyo ndiyo sehemu ndogo ya kilichobadilika. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, kina vipande vitatu. Cha kwanza ni kiwango cha kulimbikiza, yaani kila mwezi uliochangia unakupa sehemu gani ya mshahara wako kama pensheni. Cha pili ni kigawanyo cha mkupuo, ile asilimia ambayo watu wote wanaijua. Cha tatu ni kizidishio, yaani kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoiachia mfuko unalipwa shilingi ngapi mkononi siku unapostaafu. Katika PSPF uliyoingia mwaka 2007, vipande hivyo vilikuwa 1/540, asilimia 50 na 15.5. Leo, katika PSSSF, mfuko uliochukua nafasi ya PSPF na LAPF, ni 1/580, asilimia 40 na 12.5.

Tuchukue mtumishi mwenye miaka 30 ya michango kama utakavyokuwa wewe, yaani miezi 360, na tuseme mshahara unaotumika kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kikokotoo cha zamani, pensheni yake kamili ya mwaka ni 360 gawanya kwa 540, mara 12,000,000, ambayo ni shilingi 8,000,000. Nusu yake, ikizidishwa kwa 15.5, ni mkupuo wa shilingi 62,000,000, na nusu iliyobaki inakuwa pensheni ya shilingi 333,333 kila mwezi. Kwa kikokotoo cha sasa, pensheni kamili ya mwaka inashuka hadi shilingi 7,448,276. Asilimia 40 yake mara 12.5 ni mkupuo wa shilingi 37,241,379, na pensheni ya kila mwezi ni shilingi 372,414.

Maelezo yaliyotolewa mara nyingi kwa watumishi ni kwamba fedha haikupunguzwa, imehamishwa tu kutoka kwenye mkupuo kwenda kwenye pensheni ya mwezi. Maelezo hayo ni ya kweli nusu. Tofauti ya mkupuo katika mfano wetu ni shilingi 24,758,621. Nyongeza ya pensheni ya mwezi ni shilingi 39,081. Ukigawanya, utahitaji zaidi ya miezi 630 kuirudisha tofauti hiyo, nayo ni miaka zaidi ya 52 baada ya kustaafu. Kwa hiyo kuna fedha iliyohamishwa na kuna fedha iliyokatwa, na mtumishi ana haki ya kuonyeshwa zote mbili. Tukibaki kwenye 1/580 na 12.5 za sasa na kubadilisha asilimia peke yake, kutoka 50 hadi 40, mkupuo ungepungua kwa shilingi 9,310,345 na pensheni ingeongezeka kwa shilingi 62,069 kwa mwezi. Hapo mstaafu angerudisha kilichopungua katika miezi 150, yaani miaka 12 na nusu, na hakuna anayeweza kusema ameibiwa. Shilingi 15,448,276 zilizobaki zimetokana na kushuka kutoka 1/540 hadi 1/580 na kutoka 15.5 hadi 12.5, na hicho ndicho kilichokatwa. Ongeza kwamba PSPF ilitumia mshahara wa mwisho, na sasa unatumika wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho. Aliyepandishwa daraja karibu na kustaafu anapungukiwa tena hapo.

Sasa upande wa mfuko, na hapa nakuomba uwe mvumilivu nami, kwa sababu hesabu ya upande huu haifurahishi. Katika PSSSF mtumishi anachangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15, jumla asilimia 20. Kwa miaka 30, hiyo ni sawa na mishahara ya miaka sita. Tuseme uwekezaji wa mfuko unaleta faida inayotosha tu kwenda sambamba na ukuaji wa mishahara. Basi siku ya kustaafu, michango ya mtumishi wetu ina thamani ya shilingi 72,000,000. Kwa kikokotoo cha zamani anaondoka siku hiyohiyo na shilingi 62,000,000. Zinabaki 10,000,000 za kumlipa pensheni ya shilingi 4,000,000 kwa mwaka, nazo zinakwisha katika miaka miwili na nusu. Na bado hatujatoa gharama za uendeshaji, mafao ya uzazi, ya ulemavu na ya wategemezi wa waliofariki kabla ya kustaafu, ambayo yote yanatoka kwenye asilimia 20 hiyohiyo. Baada ya hapo analipwa kwa michango ya vijana walio kazini.

Mfuko unaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu wakati watumishi wapya wanaingia kwa wingi, na ndiyo maana PSPF ilionekana salama katika miaka yake ya mwanzo. Ajira mpya zilipositishwa katikati ya 2016, na mwaka uliofuata watumishi 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini, wachangiaji walipungua huku wastaafu wakiendelea kuongezeka kama kalenda inavyotaka. Unakumbuka wastaafu waliokuwa wakizunguka na mafaili kwa miezi mingi kabla ya kulipwa.

Kwa kikokotoo cha sasa, mtumishi yuleyule anaacha shilingi 34,758,621 baada ya kuchukua mkupuo, nazo zinatosha kumlipa kwa karibu miaka minane. Bado hazitoshi kwa mtu anayestaafu akiwa na miaka 60 na afya njema. Lakini pengo lililobaki linaweza kuzibwa na faida ya uwekezaji ikisimamiwa vizuri, ilhali lile la kwanza halikuwa na namna ya kuzibwa. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: 1/540 pamoja na 15.5 na nusu ya mkupuo, kwa mchango wa asilimia 20, ni ahadi ambayo haikuwa na fedha nyuma yake. Kama ningekuwa nimeketi kwenye meza ya watakwimu bima, wataalamu wanaopima uwezo wa mfuko kulipa, mwaka 2007, ningeshauri ibadilishwe tangu wakati huo, taratibu, kwa waajiriwa wapya kwanza. Mwaka 2014 hatua ya namna hiyo ilianza, pale mafao yalipooanishwa kwa wanachama wapya wa mifuko yote, nadhani ikiwa imechelewa.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu la swali lako la pili. Sehemu ya pili ni deni.

Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali kuu hakuwa akichangia pensheni. Alilipwa na Hazina alipostaafu. Sheria ya 1999 ilipoanzisha PSPF, watumishi hao wakaingizwa kwenye mfuko pamoja na miaka yao yote ya nyuma, lakini michango ya miaka hiyo haikuingizwa. Chukua mtu aliyeajiriwa 1975 na kustaafu 2009. Alitumikia miaka 34, akachangia miaka 10, na mfuko ukamlipa mafao ya miaka 34. Miaka 24 ya mtu huyo ililipwa na nani? Ililipwa na michango ya watu kama wewe, mwalimu, uliyekuwa na miaka miwili kazini, kwa makubaliano kwamba Hazina ingerudisha. Hazina haikurudisha kwa wakati. Mwishoni mwa 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu, yaani hati ya kuahidi kulipa baadaye, yenye thamani ya shilingi trilioni 2.17 kwa ajili ya deni hilo, na hatua hiyo naipongeza kwa dhati, maana deni lililoandikwa ni tofauti kabisa na deni linalosemwa. Hata hivyo hatifungani ya namna hiyo ni ahadi ya kulipa siku zijazo, na fedha ambayo ingekuwa imewekezwa tangu mwaka 2000, ikizaa faida juu ya faida kwa miaka ishirini, hairudi kwa kuandika hatifungani. Kuna pia mikopo ambayo mifuko iliitoa kwa miradi ya umma, majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma yakiwa mfano unaojulikana zaidi, ambayo marejesho yake yalisuasua.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kikokotoo kilipunguzwa kwa sababu zote mbili, na kosa kubwa la mageuzi haya ni kuzichanganya sababu hizo katika kanuni moja na kumkabidhi mstaafu bili yote. Mfuko usingekuwa unadai, mabadiliko yangehitajika bado, lakini yangeweza kufanywa kwa kipindi cha miaka 15 au 20, na asiyebakiza hata miaka mitano asingeguswa.

Nilikuwa Morogoro mwaka 2023 kwenye semina ya wastaafu watarajiwa. Wakati wa chai mwalimu mkuu mmoja alinifuata akiwa na daftari la kurasa 96, la wanafunzi, akafungua ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, tangu 2016, mkupuo wake utakavyogawanywa: bati na mbao za paa, kisima, ada ya chuo ya mtoto wa mwisho, na deni la benki lililobaki. Chini ya hesabu hiyo alikuwa amepiga mstari na kuandika upya kwa kalamu ya bluu, kwa asilimia 33. Kisima hakikuwapo tena, na paa lilikuwa la vyumba viwili badala ya vinne. Hakunilalamikia. Aliniuliza tu kama amekokotoa sawasawa, na alikuwa amekokotoa sawasawa mpaka senti ya mwisho. Nimekuwa nikiwafikiria watu wa daftari lile kila ninaposikia kwamba wastaafu wanapewa fedha kidogo kidogo kwa sababu hawajui kuzitumia. Mtumishi wa mshahara wa kati hapati mtaji mara nyingine yoyote maishani mwake. Kwake mkupuo ni nyumba, na nyumba ndiyo pensheni yake ya pili.

Lakini nikiacha hisia zangu kando, pensheni ya mwezi nayo haipaswi kubezwa. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1952, unaweka asilimia 40 ya mshahara kuwa kiwango cha chini cha pensheni ya uzee kwa aliyechangia miaka 30. Katika mfano wetu, kikokotoo cha zamani kilimwachia mstaafu asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi, kile cha Julai 2022 chenye mkupuo wa asilimia 33 kilimpa asilimia 41.6, na hiki cha sasa kinampa asilimia 37.2. Ongezeko la mkupuo lililotangazwa kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2024, 40 kwa waliokuwa wakipata nusu na 35 kwa waliokuwa wakipata robo katika mifuko mingine, lilipokewa kwa makofi, nami naelewa kwa nini, ila lilitoka kwenye pensheni ya mwezi ya watu walewale. Jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha ni kwamba pensheni hiyo haina kanuni ya kuipandisha kila mwaka kufuata bei za sokoni; hupanda pale tathmini na uamuzi vinaporuhusu. Kwa mfumuko wa bei wa asilimia 4, shilingi 372,414 za mwaka wa kwanza zitanunua, baada ya miaka 15, vitu vya takriban shilingi 207,000 za leo. Nikiulizwa mfuko ukipata nafuu uitumie wapi kwanza, ningesema hapo, kabla ya kuongeza mkupuo tena.

Ulivyoorodhesha asilimia zile nne katika swali lako, umegusa bila kukusudia ugonjwa mwingine. Kanuni za 2018, zilizofuata kuunganishwa kwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa PSSSF, zilileta asilimia 25. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akakutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na kuagiza vikokotoo vya zamani virudi hadi 2023. Julai 2022 ikaja 33, na 2024 ikaja 40. Watu wawili walioajiriwa siku moja, wakafundisha shule moja, wamestaafu kwa kupishana mwaka mmoja na mikupuo yao imepishana kwa zaidi ya milioni 30. Mfumo wa hifadhi ya jamii unaobadilika kila baada ya miaka miwili, hata ukibadilika kwa kumpendelea mstaafu, unamfundisha mchangiaji kwamba mafao yake ni suala la majadiliano ya siasa na si la sheria, na mtu akishaamini hivyo hatakubali mabadiliko yoyote, hata yale ya haki.

Nchi nyingine zimepita njia hii na kuna namna ya kuipita. Sweden ilipobadilisha pensheni yake ya taifa, vyama vitano vilikubaliana kwanza, mwaka 1994, sheria ikatungwa 1998, na waliozaliwa kati ya 1938 na 1953 wakagawanyiwa: wa 1938 alipata sehemu 4 za 20 kwa mfumo mpya na 16 kwa mfumo wa zamani, kila mwaka wa kuzaliwa ukiongeza sehemu moja ya mfumo mpya, mpaka wa 1954 alipoingia wote. Jirani zetu Kenya, walipoanzisha mfuko wa watumishi wa umma Januari 2021, waliwaingiza kwa lazima waliokuwa chini ya miaka 45, na waliozidi wakaachiwa wachague. Sisemi tuige mfumo wa Sweden wala wa Kenya, ambako kila mtumishi ana akaunti yake na hatari ya uwekezaji inakuwa yake. Nasema wote wawili walitambua jambo ambalo sisi tuliliruka, kwamba miaka ambayo mtu ameshaitumikia chini ya ahadi fulani ni mali yake.

Hebu tulitazame kwa hesabu yako mwenyewe. Kufikia Julai 2022 ulikuwa na miaka 15 kamili, na ulikuwa umebakiza mingine 15. Miezi 180 ya kwanza ingekokotolewa kwa 1/540, 15.5 na asilimia 50, ingekupa mkupuo wa shilingi 31,000,000 na pensheni ya shilingi 166,667. Miezi 180 ya pili kwa kikokotoo cha sasa ingekupa shilingi 18,620,690 na pensheni ya shilingi 186,207. Jumla ni mkupuo wa shilingi 49,620,690 na pensheni ya mwezi shilingi 352,874. Mwalimu aliyeajiriwa 2022 angekuwa kwenye kikokotoo kipya kitupu, na aliyestaafu 2023 angekuwa karibu wote kwenye cha zamani. Gharama ya mpito huo kwa mfuko ingekuwapo, na kwa maoni yangu ndiyo ingekuwa matumizi halali ya fedha ya deni la kabla ya 1999, maana deni na ahadi hizo zilizaliwa pamoja. Vyama vya wafanyakazi vikirudi mezani, pendekezo hili lina msingi imara zaidi kuliko kudai asilimia 50 irudi kwa kila mtu.

Kuna suala jingine ambalo si la furaha kulitaja kwa mtumishi. Mei 2025 kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kilitangazwa kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Nyongeza hiyo ilistahili kabisa. Lakini kwa mfuko unaolipa kwa kutazama mishahara ya mwisho, nyongeza ya leo inapandisha thamani ya miezi yote ya nyuma, ilhali michango ya miezi hiyo ilikatwa kwenye mshahara mdogo. Mshahara ukikaa miaka mingi bila kupanda kisha ukaruka, mfuko unaumia kuliko ukipanda kidogo kila mwaka, hata kama mwishoni unafika palepale. Kwa hiyo nyongeza ya mwaka ya uhakika, ambayo walimu mmeidai kwa sababu zenu, ni dawa ya mfuko pia, nami sijaona hoja hiyo ikitumiwa. Kuhusu kupandisha umri wa kustaafu kutoka 60, sitalishauri kwa sasa wakati vijana wenye shahada za ualimu wako mtaani wakisubiri ajira. Kila kijana anayeajiriwa analeta asilimia 20 mpya, na mzee anayebakizwa kazini haongezi mchangiaji.

Swali lako la mwisho lina jibu fupi. Mwaka 2037 mfuko utakuwapo, na utakulipa. Kitakachoamua kama kikokotoo kitakuwa kimeguswa tena kabla ya hapo ni mambo mawili: Hazina kulipa hatifungani zake kwa fedha halisi zinapoiva bila kuzigeuza kuwa hatifungani nyingine, na bodi kuwa na nguvu ya kukataa mradi usiolipa hata unapoombwa na mkubwa. Yote mawili yanaweza kufuatiliwa na mwanachama wa kawaida endapo taarifa ya tathmini ya uhai wa mfuko itachapishwa kwa Kiswahili kila inapofanywa, badala ya kuishia kwenye mafaili, na hilo linaweza kuombwa na wawakilishi wenu kwenye bodi mwezi ujao bila kubadilisha sheria yoyote.

Wakati huo huo, fungua PSSSF Kiganjani au omba taarifa ya michango kwenye ofisi ya mkoa, uihesabu mwezi kwa mwezi tangu Julai 2007 ukilinganisha na hati zako za mshahara. Angalia hasa miezi ya mwanzo ya ajira, miezi uliyohamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na kipindi cha kuunganishwa kwa mifuko mwaka 2018, kwa sababu mapengo mengi niliyoyaona yako hapo. Kwa mshahara wa mfano wetu, kila mwezi mmoja unaokosekana unakupunguzia shilingi 103,448 za mkupuo na shilingi 1,034 za pensheni kila mwezi maisha yako yote. Mwaka mzima ukikosekana, ni shilingi 1,241,379 za mkupuo na 12,414 za kila mwezi. Ukikuta pengo, andika barua kwa mwajiri na nakala kwa mfuko sasa, ukiwa bado na hati ya mshahara inayoonyesha makato ya mwezi huo, na nakala moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwako.